Mtumishi Naye Huchoka: Afya ya Akili ya Watendaji wa Miradi

Taarifa zetu za robo mwaka hueleza visima vilivyochimbwa, mizinga ya nyuki iliyogawiwa, yatima waliolipiwa ada na wagonjwa waliotembelewa majumbani. Anayekosekana karibu kila mara ni mtu aliyezifanya kazi hizo. Pikipiki ya mradi ina daftari la matengenezo na fungu lake katika bajeti, anayeiendesha hana. Makala hii inamhusu yeye.

Uchovu huu ni upi?

Kila afanyaye kazi huchoka. Akilala vizuri, au akipata siku chache za mapumziko, nguvu hurudi. Lakini upo uchovu ambao usingizi hauuondoi. Mwaka 1974 mwanasaikolojia Herbert Freudenberger aliuandikia makala baada ya kutumika katika kliniki ya bure jijini New York, Marekani, iliyotegemea watu wa kujitolea. Mchana alikuwa na kazi yake ya kawaida, jioni alikwenda kliniki, na hali hiyo ilimpata hata yeye. Alichokiona kinatuhusu sana: waliokuwa hatarini zaidi hawakuwa wavivu, bali wale waliojitoa kwa moyo wote.

Baadaye Christina Maslach wa Chuo Kikuu cha California, Berkeley, pamoja na Susan Jackson, walitengeneza kipimo cha hali hii, kilichochapishwa mwaka 1981. Wanataja mambo matatu:

1. Kuishiwa nguvu. Mtu anaamka asubuhi akiwa amechoka kama alivyolala, na kazi ndogo kama kujaza fomu moja inamshinda.

2. Moyo kuwa mgumu. Mhudumu aliyekuwa akiwajua watoto wa kila mgonjwa kwa majina sasa anasema tu "yule wa namba 14". Anazikwepa baadhi ya nyumba, na shida za watu anazifanyia mzaha.

3. Kujiona hafai. Hata kazi iliyofanyika vizuri haimpi faraja. Anaona miaka yote imepotea bure.

Mwaka 2019 Shirika la Afya Duniani (WHO) liliingiza maelezo yanayofanana na hayo katika toleo la 11 la orodha yake ya kimataifa ya magonjwa, lililoanza kutumika Januari 2022. WHO inasema wazi kwamba hali hii si ugonjwa, bali inatokana na msongo wa kazini wa muda mrefu ambao haukushughulikiwa ipasavyo. Maneno hayo yana uzito. Kama chanzo ni kazi ilivyopangwa, kumwambia mtumishi ajikaze au aombe zaidi hakutoshi. Kazi yenyewe lazima ipangwe upya.

Kwa nini watumishi wa miradi?

Kwanza, kazi na nyumbani havina mpaka. Mhudumu anaishi kijiji kilekile na walengwa wake, anasali nao usharika mmoja, na namba yake ya simu wanayo wote. Saa nne usiku anaitwa, na akizima simu anaonekana amewakimbia.

Pili, huzuni hulimbikizana. Anawazika watu aliowauguza kwa miezi, kisha kesho yake anaanza na mgonjwa mwingine bila kupata nafasi ya kuomboleza.

Tatu, karatasi ni nyingi. Wafadhili watatu wana fomu tatu tofauti, nazo zote zinatakiwa mwisho wa mwezi mmoja.

Nne, ajira haina uhakika. Tarehe 20 Januari 2025 serikali ya Marekani ilisimamisha misaada yake ya nje, na ilipofika tarehe 1 Julai 2025 shirika lake la USAID lilikuwa limeacha rasmi kutoa misaada. Miradi mingi ya afya katika Afrika Mashariki ilipunguza watu. Walioondoka walipoteza mishahara. Waliobaki walirithi majukumu yao, huku wagonjwa wakiwa walewale.

Tano, tumelipa neno "wito" maana isiyo yake. Mwenye wito, tunadhani, haombi likizo. Lakini tukisoma Kutoka sura ya 18, tunamkuta Musa akiamua mashauri ya watu tangu asubuhi hadi jioni, peke yake. Mkwewe Yethro hakumlaumu kwamba imani yake ni haba. Aliona kwamba kazi imempita uwezo mtu mmoja, akamshauri aigawe kwa viongozi wa maelfu, wa mamia, wa hamsini na wa makumi. Musa alikubali, na wito wake haukupungua.

Sheria inasemaje?

Wapo wanaodhani mapumziko ni hisani ya mkuu wa idara. Hapa Tanzania, Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inaweka kikomo cha saa 45 za kawaida kwa wiki, mapumziko ya saa 24 mfululizo kila wiki, na likizo ya mwaka ya siku 28 yenye malipo. Likizo ya ugonjwa ni siku 126 katika kipindi cha miezi 36: siku 63 za kwanza kwa mshahara kamili na 63 zinazofuata kwa nusu mshahara. Wahudumu wa kujitolea vijijini, ambao ndio wengi, hawana mkataba wa ajira wa kuwapa haki hizi. Kwa hiyo ni juu ya ofisi kuwawekea utaratibu wao.

Ofisi inaweza kufanya nini?

Kwanza, likizo ziingizwe katika mpango kazi wa mwaka, pamoja na jina la atakayeshika nafasi. Likizo isiyo na mtu wa kushika nafasi huishia kwenye simu. Pili, wahudumu wapangwe kwa zamu, ili simu za usiku zisimwangukie mtu yuleyule kila siku. Tatu, wahudumu wakutane mara moja kwa mwezi kuzungumza juu ya mizigo yao, si kuwasilisha takwimu. Nne, panapotokea msiba wa mgonjwa, mhudumu wake apewe siku chache kabla ya kupangiwa mwingine. Tano, wasimamizi wafundishwe kumtambua aliyeelemewa na kumsaidia. Mafunzo hayo yamo pia katika mwongozo wa WHO wa mwaka 2022 kuhusu afya ya akili kazini.

Mtumishi mwenyewe anaweza kuanza na madogo. Awatangazie watu saa zake za simu na kuwatajia mwenye zamu. Achague mwenzake mmoja wa kumweleza ukweli. Siku yake ya mapumziko asiitumie kuandika taarifa.

Wakati wa kumwona daktari

Uchovu wa kazi mara nyingi hupungua mtu anapokuwa mbali na kazi. Sonona humfuata kila mahali. Ikiwa kwa wiki mbili au zaidi mtu ana huzuni karibu kila siku, hana hamu ya chochote, usingizi na chakula vimebadilika, au anajiona hana thamani, aende kituo cha afya. Akisema anatamani kufa, asiachwe peke yake. Apelekwe hospitali siku hiyohiyo. Sonona ni ugonjwa unaotibika, na anayeupata hajapungukiwa imani.

Kabla ya kupitisha bajeti ya mwaka ujao, kila msimamizi aandike majina ya watu wake, wa kuajiriwa na wa kujitolea, na mbele ya kila jina tarehe aliyopumzika mara ya mwisho. Jina lisilo na tarehe ndilo la kuanza nalo.