Barabara ya Mara ina wapita njia wengi, sasa inatafuta wanaolala

Anayetoka Mwanza kwa lami kuelekea Musoma hana haja ya kuuliza njia ya Serengeti. Akishapita Lamadi, lango la Ndabaka liko pale pale kando ya barabara kuu, mkono wa kulia, na gari dogo lililotoka jijini alfajiri linaweza kuwa ndani ya hifadhi kabla jua halijawa kali. Ndiyo maana matembezi ya mwisho wa wiki ya wakazi wa miji ya Ziwa Victoria yamezoeleka kwa sura moja: Kosta ya kukodi, wali na kuku waliofungwa nyumbani, mzunguko wa saa chache kutazama pundamilia na viboko, kisha safari ya kurudi jioni hiyo hiyo.

Mbele ya hapo, ukishaiacha Bunda, kuna soko ambalo halijachangamkiwa. Wilaya za Tarime na Serengeti, mkoani Mara, zina nyanda za juu zenye ubaridi, zina Mto Mara, chemchemi za maji ya moto, kituo cha mpaka wa Kenya na milango ya hifadhi ambayo foleni zake ni fupi. Magari yanapita huko kila siku. Wanaozima injini na kuuliza chumba ndio wachache, na biashara ya utalii faida yake iko kwenye usiku.

Wateja wapo, na idadi yao inakua. Takwimu za Serikali zinaonyesha kuwa watalii wa ndani walikuwa 1,985,707 mwaka 2023 na wakafika 3,218,352 mwaka 2024, ongezeko la takriban asilimia 62 kwa mwaka mmoja. Mwaka huo wa 2024 watalii kutoka nje walikuwa 2,141,895. Kwa idadi ya vichwa, Mtanzania ndiye mteja mkubwa wa vivutio vya nchi yake.

Kwa fedha, hesabu inageuka. Kiingilio cha Serengeti kwa mtu mzima raia wa Afrika Mashariki ni Sh 10,000, na kodi ya ongezeko la thamani ya asilimia 18 inakifikisha Sh 11,800. Mgeni wa nje asiye mkazi hutozwa dola 70 katika msimu wa juu, ambazo pamoja na kodi hiyo ni dola 82.60. Dola moja ikikadiriwa kuwa Sh 2,500, mgeni mmoja analeta langoni fedha sawa na Watanzania 17 na ushee. Kosta yenye watu wazima 25 kutoka Nyamagana au Ilemela, Mwanza, inaacha langoni Sh 295,000 za viingilio vya abiria. Fedha hizo zote hukusanywa kwa ajili ya hifadhi na Serikali Kuu. Kinachobaki katika miji kama Mugumu na Tarime ni bei ya kitanda, sahani ya chakula, lita za mafuta na ujira wa dereva. Mgeni aliyerudi kwake jioni hajaviacha vyote hivyo.

Njia ya Butiama

Kati ya njia tatu za ukanda huu, ya kwanza inachepuka Makutano, kabla ya Musoma, na kuingia Butiama. Hapo Mwitongo ndipo lilipo kaburi la Mwalimu Julius Nyerere, na jirani yake makumbusho yaliyofunguliwa mwaka 1999, mwaka ule ule aliofariki. Biashara ya Butiama ina kalenda yake: Oktoba 14, siku ya kumbukumbu ya Mwalimu, pamoja na misimu ya ziara za wanafunzi. Mabasi ya shule hayaachi fedha nyingi kwa kichwa, lakini huja kwa wingi na hutoa taarifa mapema, jambo ambalo mwenye mgahawa hulithamini kuliko mteja mmoja tajiri asiyejulikana atakuja lini.

Kutoka Butiama barabara inakwenda Sanzate, Nata, hadi Mugumu, makao makuu ya Wilaya ya Serengeti. Lami imekuwa ikisogea kwa vipande, kwanza kilomita 50 za Makutano hadi Sanzate, kisha kilomita 40 za Sanzate hadi Nata. Kila kipande kinachokamilika kinapunguza saa za safari, na kwa wenye gari dogo kinaondoa ile hofu ya kukwama kwenye udongo mweusi wakati wa masika.

Karibu na lango la Ikoma ndiko kunakoonekana wazi jinsi biashara hii inavyoweza kumfikia mwanakijiji. Jumuiya ya Hifadhi ya Wanyamapori ya Ikona inaunganisha vijiji vitano, Robanda kikiwemo, vilivyotenga ardhi yao kwa ajili ya wanyama na wawekezaji wa kambi za kitalii. Wawekezaji hulipa, na utaratibu wa jumuiya za aina hii unataka angalau nusu ya mapato yake yarudi katika vijiji wanachama. Jirani yao ni mapori ya akiba ya Grumeti na Ikorongo, ambako mwekezaji wa Marekani, Paul Tudor Jones, aliingia mwanzoni mwa miaka ya 2000 na ambako kampuni ya Singita inaendesha hoteli za daraja la juu kabisa. Huko mteja analipa kwa dola, tena nyingi, kwa usiku mmoja.

Katikati ya hoteli hizo na gesti ya mjini Mugumu kuna pengo pana. Mwalimu, nesi au mfanyakazi wa benki kutoka Mwanza anayetaka chumba safi, maji ya moto na kifungua kinywa kwa bei ya mshahara wake hapati mengi ya kuchagua, na wafanyabiashara wa Mugumu wanaotafuta mahali pa kuwekeza hawahitaji kuangalia mbali zaidi ya hapo. Mji wenyewe una Bwawa la Manchira jirani, mahali ambapo sehemu ya kupumzikia familia ingeweza kuanzishwa bila mtaji wa kutisha, mradi ihifadhi usafi wa maji yanayotegemewa na wakazi.

Njia ya Sirari

Njia ya pili haichepuki. Inafuata barabara kuu, inavuka Mto Mara kwenye Daraja la Kirumi, inapanda Tarime na kuishia Sirari. Kirumi peke yake inastahili saa moja ya msafiri. Mto uliosafiri karibu kilomita 395 kutoka milima ya Mau nchini Kenya unatanda hapo na kuwa ardhi oevu ya mafunjo na ndege wa majini kabla ya kumwaga maji yake ziwani. Kwa sasa biashara kubwa inayoonekana njiani ni ya samaki. Wenye macho ya kibiashara wataona pia mitumbwi, ambayo kwa maboya ya kuokolea maisha na kibali halali ingeweza kupeleka wageni kutazama ndege.

Tarime hali ya hewa inabadilika. Joto la ziwani linabaki nyuma, migomba na kahawa ya arabika vinajitokeza, na anayetoka Mwanza anakumbuka koti alilolisahau. Kutoka mjini hadi Sirari ni kama kilomita 20, umbali ambao magari madogo ya abiria, michomoko kwa jina la mtaani, huumaliza upesi. Kwa miaka mingi mji huu ulijulikana nje kwa habari za wizi wa mifugo na mapigano ya koo, hadi Jeshi la Polisi likaunda kanda maalumu ya Tarime na Rorya. Sifa hiyo inachelewa kufutika, na wenye hoteli wanaigharamia kila familia inapoamua kuishia Musoma.

Mpaka ndio unaoipa Tarime nafasi yake ya kipekee. Tangu mwaka 1977, kivuko cha watalii kati ya Maasai Mara na Serengeti kimefungwa. Mnyama anavuka, gari la mtalii halivuki. Anayetaka kuziona mbuga zote mbili kwa barabara upande huu wa magharibi hana budi kuzunguka: kutoka Maasai Mara kwenda Migori, Isebania, Sirari, Tarime, hadi Bunda na Ndabaka. Kwa maneno mengine, Tarime imepewa bure wateja ambao miji mingine huwatafuta kwa matangazo, lakini imewageuza wagonga pasi. Wanashuka, wanapata mhuri, wanabadilisha fedha, wananunua maji ya chupa na kuondoka.

Kuna pia wageni ambao hata mhuri wa Sirari hawauoni. Kila mwaka, kati ya Julai na Oktoba, makundi ya nyumbu huvuka Mto Mara huko Kogatende na Lamai, na ni tukio ambalo watu hutoka bara jingine kulitazama. Eneo la Lamai liko kaskazini ya mto, likipakana na vijiji vya Tarime, na kuna lango la kuingilia upande huo. Hata hivyo, wageni wengi wa kambi hizo hutua kwa ndege ndogo kwenye kiwanja cha Kogatende, na safari zao hupangwa Arusha. Wanalala ndani ya mkoa wa Mara bila kununua hata soda katika mji wowote wa Mara.

Upande wa vijiji, uhusiano na hifadhi umekuwa na machungu. Tembo huvamia mashamba ya mahindi, na mwaka 2023 mgogoro wa vigingi vya mpaka katika vijiji kama Kegonga na Nyandage ulifika bungeni na kwenye vyombo vya habari. Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Mwenyeji aliyelala shambani akipiga debe kufukuza tembo hawezi kuuona uponyaji huo mpaka biashara ya utalii imfikie kwa njia inayoshikika: ajira, soko la mboga na maziwa, au gawio kama lile la Ikona.

Njia ya Ungoreme

Njia ya tatu haimo kwenye vipeperushi. Inaanzia Tarime, inashuka Nyamongo kwenye mgodi wa dhahabu wa North Mara, inavuka Mto Mara na kuingia Ungoreme, katika kata za Wilaya ya Serengeti kama Kisaka, Kenyamonta na Majimoto, kabla ya kufika Mugumu. Barabara ya Tarime hadi Mugumu ina urefu wa takriban kilomita 87, na ujenzi wa lami ulianza na kipande cha Mogabiri hadi Nyamongo, kilomita 25. Mahali pengine bado ni vumbi kiangazi na utelezi masika.

Huku hakuna lango wala kiingilio. Kuna chemchemi za maji ya moto za Majimoto, miamba mikubwa ya kupanda, mashamba ya ulezi na mtama, na simulizi za wazee kuhusu Ikorongo, nchi ya asili ambayo leo jina lake limebaki kwenye pori la akiba. Watalii wa Kisaka, kama neno hilo linawafaa, ni watoto wa kwao wanaorudi Desemba kutoka Mwanza na Dar es Salaam, magari yamejaa, wakitaka kuwaonyesha wake, waume na marafiki walikozaliwa. Wanalala kwa ndugu, wanachinja, wanakunywa togwa. Jioni wanatafuta ugali wa mtama na kichuri, ule mchuzi mchungu wa nyama ambao mgeni huuonja mara ya kwanza kwa mashaka.

Hilo ni soko dogo lakini la uhakika, na mtaji wake mkubwa ni maarifa ya wenyeji. Kikundi cha kijiji chenye vijana wawili wa kuongoza wageni, mama lishe watatu, wapigaji wa ala ya iritungu na bei zilizoandikwa ukutani kinaweza kuanza kabla lami haijafika. Kinachokwamisha ni vitu vya kawaida kabisa: hakuna bango la kuelekeza, hakuna choo cha wageni, na namba ya simu ya mwongozaji haipatikani mpaka umjue mtu anayemjua.

Lami inapoishia

Wafanyabiashara wa Mugumu waliwahi kutumaini zaidi. Mpango wa barabara kuu kupita kaskazini mwa Serengeti hadi Loliondo ungeuweka mji wao kwenye njia ya Arusha. Juni 2014 Mahakama ya Afrika Mashariki ilizuia barabara ya lami ndani ya hifadhi, na mwaka 2015 kitengo chake cha rufaa kikashikilia msimamo huo. Kwa wahifadhi ulikuwa ushindi. Kibiashara, uamuzi huo ulithibitisha kwamba kwa mji huu soko la karibu liko magharibi: Musoma, Mwanza, Migori na Kisumu.

Soko hilo linalipa kwa shilingi, halina bajeti kubwa, na halisubiri nyumbu. Sikukuu, likizo za shule na mwisho wa mwezi ndizo nyakati zake. Halmashauri za Tarime na Serengeti zimezoea kupanga utalii kwa kumfikiria mgeni wa ndege, ilhali kinachoweza kujaza vyumba kati ya Novemba na Mei ni familia ya watu watano ndani ya Noah. Orodha ya pamoja ya gesti zilizokaguliwa, madereva waliosajiliwa na bei za safari za siku mbili ingezigharimu halmashauri hizo kidogo kuliko kongamano moja la uwekezaji.

Kwa msomaji anayepanga safari: Mei na Juni ni wakati mzuri wa ukanda wa magharibi na Ikoma, Agosti na Septemba wa Lamai, na Septemba 15 ni Siku ya Mara, inayoadhimishwa kwa zamu na Kenya na Tanzania tangu mwaka 2012. Malipo ya hifadhi hufanywa kwa mfumo wa kielektroniki, si fedha taslimu. Jaza mafuta Bunda, Tarime au Mugumu, uliza hali ya barabara wakati wa masika, na weka nafasi ya chumba cha usiku mmoja upande huu wa ziwa.