Mbegu ya dume kutoka nje ya nchi: kabla hujatuma hela

Juzi kijana mmoja wa Tandale, ng'ombe wake wako Mkuranga, kanipigia: "Bwana mifugo, Nairobi nimepata mbegu safi ya Jersey. Jamaa yangu anarudi na basi keshokutwa, aniwekee kwenye chupa ya chai yenye barafu?"

Nikamwambia, mdogo wangu, hapo utakuwa umenunua mirija mitupu. Mbegu iliyogandishwa hukaa kwenye mtungi wa naitrojeni ya maji, nyuzi 196 chini ya sifuri. Barafu ya friji haifiki hata karibu. Ikiyeyuka njiani imekufa, na kwa macho hujui, mrija uko vilevile. Utajua baada ya siku kama 21, jike akirudi kwenye joto.

Tena mbegu peke yake haizai. Angalia vifaru weupe wa kaskazini pale Ol Pejeta, Kenya. Tangu dume Sudan afe Machi 2018 wamebaki wawili duniani, Najin na bintiye Fatu. Mbegu za madume waliokufa zipo, zimegandishwa Ulaya. Utasema si waletewe wapandishwe? Haiwezekani: Najin miguu ya nyuma ni dhaifu, Fatu kizazi kina tatizo. Ndiyo maana Agosti 2019 yalivunwa mayai 10 kwao yakapelekwa Italia kurutubishwa maabara, mengine kwa mbegu ya Suni, dume aliyekufa 2014. Vikapatikana viinitete viwili tu, na mpango ulikuwa vibebwe na jike wa vifaru weupe wa kusini. Na mnyama adimu namna hiyo, mkataba wa CITES unataka kibali cha nchi inayotoa na cha inayopokea.

Jersey wako haihitaji CITES. Ila kibali cha kuingiza kutoka Wizara ya Mifugo na Uvuvi unakihitaji, pamoja na cheti cha afya cha daktari wa mifugo wa kule inakotoka. Usione ni usumbufu. Ugonjwa wa kutupa mimba unaweza kuingia zizini na mbegu. Mimi ningeanza kwa kuulizia kituo cha taifa cha uhimilishaji, NAIC, Usa River kule Arusha. Wanafuga madume na mbegu wanazalisha wenyewe.

Yule kijana nikamuuliza majike wake waliingia joto lini mara ya mwisho. Kimya. Kasema ngoja amuulize kijana wa zizini.