Si kila taya lililovimba ni jino

KATIKA soko la Koboko, ambako wachuuzi wa Kongo na Sudan Kusini hukutana, nimesikia mara nyingi uvimbe wa taya la mtoto ukiitwa jino bovu. Wakati mwingine si jino. Ni saratani ya Burkitt, na uvimbe wake unaweza kuongezeka maradufu kwa siku moja au mbili.

Msomaji uliyekimbilia Zaire au Sudan baada ya Amin kuangushwa 1979, ukarejea, huenda wewe mwenyewe ulitolewa damu utotoni. Kuanzia 1972, watoto wapatao 42,000 wa West Nile walipimwa. Ripoti ya 1978 ilisema 14 kati yao walipata saratani hiyo. Waliokuwa na kingamwili nyingi mno dhidi ya kirusi cha Epstein-Barr walikuwa katika hatari mara 30 zaidi. Kabla ya hapo, Dk. Ted Williams wa hospitali ya Kuluva, karibu na Arua, alikwisha kuorodhesha wagonjwa wa eneo hili.

Lakini kirusi hicho karibu kila mtu anacho, hata London. Mbona huku kinaua?

Malaria ndiyo inayotuponza. Kirusi hudhibitiwa na chembe nyeupe za damu ziitwazo seli T, ambazo huamrishwa kwa protini ndogo, saitokini. Intaferoni-gama huzihimiza kushambulia. Intalukini-10 huzituliza, zisije zikaudhuru mwili wenyewe. Amri zote mbili ni za lazima. Malaria ikimrudia mtoto kila mara, amri ya kutulia huzidi, seli T hulegea, na seli B zenye kirusi huzaana ovyo, huku malaria yenyewe ikizichochea.

Utafiti wa Kenya uliochapishwa 2007 ulilinganisha watoto wa Kisumu, penye malaria mwaka mzima, na wa Nandi, ambako ni chache. Wa Kisumu wenye umri wa miaka 5 hadi 9 walitoa intaferoni-gama kidogo dhidi ya kirusi hicho.

Kwa hiyo chandarua nacho hulinda taya, ingawa sijasikia mtu akikiuza kwa sifa hiyo pale Arua. Mtoto akivimba, usingoje mzigo uvuke Oraba kwanza. Saratani hii hupona ikiwahiwa kwa dawa za sindano. Hutibiwa Lacor, Gulu, na Mulago, Kampala.