Tarumbeta Iende Skuli

Kila tarehe 12 Januari, wananchi wa Unguja na Pemba huadhimisha Mapinduzi ya 1964, na bendi za vikosi husikika. Watoto wetu huziona tarumbeta ziking'ara kwa mbali. Bendi ikishapita, hamu yao hupita nayo.

Sisi twaona kuwa bendi haina budi kuwafuata watoto madarasani. Mtoto wa darasa la pili akiketi mbele ya mpiga tarumbeta, huona mwenyewe kuwa sauti huanzia katika midomo inayotetemeka, na kwamba kadiri bomba lirefukavyo ndivyo sauti iwavyo nzito. Bomba la tarumbeta likinyooshwa hukaribia meta moja na nusu. La tromboni, meta tatu. Hilo ni somo la sayansi lisilohitaji ubao.

Wapo watakaosema kuwa hayo ni mambo ya kigeni. Hasha! Siwa ya shaba ya Lamu ilipulizwa kwa midomo vivyo hivyo, zamani kabla ya ngoma ya beni kuzuka pwani yetu katika miaka ya 1890.

Basi twaiomba Wizara ya Elimu pamoja na wakuu wa vikosi: sherehe zikimalizika, wapigaji wanne na gari moja wazizungukie skuli za msingi, za mjini na za shamba, tangu Makunduchi hadi Micheweni. Wasipige tu wakaondoka. Wawaachie watoto nao wapulize. Wapigaji wa leo watastaafu, na warithi wao wamo madarasani. Udongo uwahi ungali maji.