Tumenunua shamba, sasa tuishi nalo namna gani?

Kartasi tuliitia sahihi mwezi wa sita, chini ya muembe wa shefu, upande wa barabara ya Kasenga, kilomita arobaini na kidogo kutoka Lubumbashi. Hektari nne. Ilikuwa pesa ya likelemba ya miaka mitatu, ya wamama kumi na wanne: wauza samaki, wauza mboga, walimu wawili, mshonaji mmoja, na mama mjane anayepika maandazi mbele ya nyumba yake. Siku ile tulikula bukari na kuku, tukarudi mjini juu ya kamiyo tukiimba mpaka sauti zikakauka.

Siku ya posho iliyofuata tulikutana, na wimbo ukaisha. Kila mmoja alikuwa na shamba lake kichwani. Mmoja aliona hektari nne za mahindi. Mwingine aliona nyumba ndogo na kuku, apumzike na kelele ya mji. Walimu walitaka tugawe, kila mama na kipande chake, "ili kusiwe na maneno." Mjane alisema jambo moja tu: anachoka kulipa nyumba ya watu, kama kuna udongo wetu, yeye na watoto wake watatu wako tayari kuhamia hata kesho.

Tunaandika haya kwa sababu vikundi vingi vya wamama vinatuuliza habari za kununua. Wachache wanauliza habari za kesho yake, na kumbe kesho yake ndiyo iliyotutesa.

Mama mkubwa wa kundi, yaya wetu sote, alizaliwa kijijini. Alisikiliza kila mtu, kisha akasema: "Mmeona shamba mwezi wa sita, majani yangali mabichi. Mimi sipandi mti wala sichimbi msingi mpaka nilione mwezi wa kumi." Tulinung'unika. Miezi minne ya kungoja, na pesa imekwisha kutoka! Lakini tulimsikia, na tunamshukuru mpaka leo.

Mwezi wa kumi tulikwenda watu saba. Kijito kile kilichotufanya tulipe bei bila kubishana sana, kile tulichonawa miguu ndani yake tukicheka, hakikuwako. Kulikuwa na mchanga na vidimbwi viwili vya maji ya rangi ya chai. Upande wa chini moto wa porini ulikuwa umepita, majani yote majivu, na miti midogo imekauka mpaka juu. Mmoja wetu alikaa juu ya jiwe akalia. Hatukumcheka.

Basi ile picha ya nyumba kando ya maji ikafa siku ile. Jirani, mama wa watoto wengi ambaye yuko pale miaka, alitupeleka kwenye kisima chake: mita kumi na mbili, na maji yako chini, masafi. Akatufundisha kwamba kisima huchimbwa wakati huu huu wa kiangazi cha mwisho, maji yakiwa yameshuka kabisa. Ukichimba mwezi wa tatu, mvula imejaza udongo, utafurahi kupata maji mita tano, na mwezi wa tisa utatazama shimo kavu. Tulichagua mahali pa juu, karibu na njia, tukachimba kabla ya mvula. Choo tumekiweka upande wa chini wa kisima, mbali ya hatua hamsini kubwa. Wenye ujuzi wa maji wanasema isipungue mita thelathini, na sisi tumeongeza kwa sababu udongo wa kwetu unapitisha.

Sasa habari ya makala, ambayo karibu itupasue.

Juma lile lile alikuja kijana na kinga yake, mwenye heshima, akatuambia: "Wamama, mko na hektari mbili za pori zuri. Nitakata yote, nitachoma, gunia nusu zenu nusu zangu, na shamba mtalipata safi bila kulipa mtu." Hesabu aliyotuandikia chini kwa kijiti ilikuwa tamu. Ingetosha kulipa mabati na milango. Tulikuwa na deni la kisima. Tusiseme uongo: zilibaki siku mbili tumpe neno la ndiyo.

Kilichotuzuia si mafundisho ya mazingira. Ni sufuria. Yaya alituuliza kila mmoja ataje vitu alivyonunua sokoni mwaka jana vilivyotoka pori la namna hii. Tulianza kuhesabu: vinkubala, uyoga wa mvula za kwanza, masuku, asali, dawa za tumbo za watoto, vijiti vya maharagwe, majani ya kuezeka. Vinkubala hula majani ya miti ile ile, mutondo na wenzake, na ukikata mti umekata na chakula chao. Uyoga mwingi wa pori letu unaishi na mizizi ya miti hiyo. Mti ukienda, na uyoga umekwenda. Makala ingetulisha miezi michache. Na mahali tanuru linapochomea, udongo unaungua.

Lakini hatukuwa malaika. Shamba la mahindi linahitaji jua, na kisima kilikuwa na deni. Tulipiga kura: tisa kwa watano. Tukakubali kufyeka hektari moja tu, ile iliyo karibu na njia, na kuchoma makala ya miti hiyo sisi wenyewe pamoja na yule kijana, kwa masharti yetu. Miti ya matunda ilibaki. Visiki tumeviacha, vimekatwa chini, kwa sababu miti ya huku huchipuka tena kutoka kisikini ukiukinga na moto. Wale watano bado wanasema tulipoteza pesa. Huenda ni kweli kwa mwaka huu.

Juu ya moto: kabla ya kiangazi kijacho tutalima mkanda safi kuzunguka pori, upana wa hatua tano, bila jani moja. Jirani anafanya hivyo kila mwezi wa tano, na pori lake limesimama.

Kuna na vichuguu viwili vikubwa, vile vya Katanga ambavyo mgeni hudhani ni kilima. Mwashi alitaka kuvivunja vyote kwa matofali, maana udongo wake ni mfinyanzi mzuri. Tulimpa kimoja. Cha pili tumekiacha: udongo wa kichuguu una chokaa kuliko udongo wetu mwekundu wenye ukali, na mwanamke yeyote wa kijiji anajua lengalenga na maboga ya juu ya kichuguu yanavyonona. Tunauchota kwa karai na kuumwaga kwenye bustani.

Kulima kwenyewe tulikata tamaa za hektari nne haraka. Tuliuliza swali moja: nani atapalilia? Mahindi yanataka jembe juma la pili au la tatu baada ya kuota, kisha tena mwezi mmoja baadaye, na wakati huo huo shule zimefunguliwa na soko la mwisho wa mwaka linakuja. Vikundi vingi tunavyovijua vililima eneo kubwa vikavuna majani. Mwaka wa kwanza tumepanda hektari moja ile tu: nusu mahindi, robo mihogo, robo karanga na maharagwe. Mwakani karanga zitahamia palipokuwa mahindi, maana zinarudishia udongo nguvu.

Nusu hektari ya mahindi ni kilo kumi mpaka kumi na mbili za mbegu, punje moja kila sentimeta ishirini na tano, mistari ikiachana sentimeta sabini na tano. Tulingoja mpaka udongo ulowe kweli, katikati ya mwezi wa kumi na moja. Mvula ya mwanzo inadanganya: inanyesha siku mbili, unapanda, halafu jua majuma mawili. Angre ni ghali, basi tuliitia kidogo kidogo shimoni, pembeni ya mbegu, isiguse. Mihogo tuliomba vijiti kwa jirani, na tulichagua shina ambalo majani yake hayajajikunja wala kuwa na mabaka ya manjano, maana ugonjwa unasafiri ndani ya kijiti. Mita kwa mita, robo hektari ilikula vijiti elfu mbili na mia tano. Migongo yetu inakumbuka. Sasa ni kiwavi wa mahindi, yule aliyeingia Afrika mwaka 2016: asubuhi mapema tunafungua moyo wa majani, tunamponda kwa vidole, na kutia majivu kidogo. Watoto wanaupenda mchezo huu kuliko sisi.

Tulifika sasa kwenye kartasi, na hapa tunaona haya kidogo kusimulia. Ile kartasi ya chini ya muembe iliandikwa kwa jina la bwana wa mama mmoja wetu. Muuzaji alisema mwanamke hanunui udongo, sisi tulikuwa na haraka ya kucheza, tukanyamaza. Ni mjane aliyeuliza mwezi wa kumi na mbili: "Na huyu baba akifa, ndugu zake watatujua?" Yeye anajua anachosema. Alifukuzwa nyumbani kwake siku arobaini baada ya kuzika.

Tulikwenda kuuliza ofisi ya ardhi na kwa wakili. Kwa sheria ya tarehe 20 mwezi wa saba 1973, udongo wote wa Kongo ni wa Serikali. Mtu hununua haki ya kuutumia. Kartasi ya shefu inaonyesha kwamba kijiji kimekubali, ni ya lazima, lakini peke yake haikulindi. Yanafuata uchunguzi wa mahali, watu wa kadasta kupima na kuweka mipaka, mkataba, na mwisho sertifika. Sertifika ikipita miaka miwili haiangushwi tena. Na shamba lililoachwa bila kazi linaweza kurudi kwa Serikali, ndiyo sababu ile hektari moja iliyolimwa ina maana kuliko mahindi yake. Kuhusu jina, tangu marekebisho ya Sheria ya Familia mwaka 2016 mke haombi tena ruhusa ya bwana ili kutia sahihi.

Yule bwana, tumpe haki yake, alikuja mwenyewe kwa shefu akasema shamba si lake. Kartasi mpya ina majina kumi na manne. Shefu alicheka, akasema hajawahi kuona kartasi ndefu hivyo.

Lakini majina kumi na manne hayawezi kubaki hivyo milele, maana kila moja lina wajukuu. Tunachagua kati ya njia mbili. Ya kwanza ni kuwa koperative: sheria ya OHADA, inayotumika kwetu tangu 2012, inaruhusu koperative ndogo kuanzia watu watano, na ardhi ingeandikwa kwa jina lake. Ubaya wake ni kwamba haki ya daima hupewa mtu mwenyewe, raia wa Kongo. Kundi hupata ya miaka, mpaka ishirini na tano, kisha inaombwa upya. Ya pili ni kugawa, kila mama na sertifika yake, kama walimu walivyotaka tangu mwanzo. Ila kisima ni kimoja, na pori likikatwa vipande kumi na vinne halitakuwa pori. Maoni yetu sisi tunaoandika ni koperative. Kura haijapigwa.

Na kuishi? Mji haujatuachia bado. Shule ya msingi ya karibu ni mwendo wa kilomita tano. Kulipa hatulipi tangu 2019, lakini mtoto wa miaka sita hatembei kilomita kumi kwa siku wakati wa mvula. Kituo cha afya kiko mbali zaidi. Mama mwenye mimba, au mwenye mtoto mwenye sikoseli kama mmoja wetu, hawezi kuhamia. Kwa hiyo tunapokezana wawili wawili kila juma, tunalala ndani ya kibanda cha miti na bashi, na anayeshindwa kwenda analipa nauli ya mwenzake. Mwezi wa kwanza zamu mbili zilikosa, na nyani walikula mistari sita ya mahindi. Tuligombana vizuri sana.

Mjane ndiye atakayehama wa kwanza, baada ya mavuno ya mwezi wa nne. Tumekubaliana kwa maandishi: nyumba ya vyumba viwili ni ya kundi, yeye anakaa bila kulipa, analinda, anafuga kuku wake, na bustani ya karibu na nyumba ni yake peke yake. Asitumwe kama mtumishi. Hilo alilidai yeye, nasi tumeliandika. Binti yake mkubwa, wa shule ya sekondari, atabaki mjini kwa mshonaji. Wadogo wawili watakwenda shule ile ya kilomita tano kwa kinga, ambayo tunaichangia sasa. Imebaki nusu ya bei.

Matofali elfu nne yamekwisha kukauka na yanangoja kuchomwa. Siku ya posho ijayo tunakwenda kupalilia mara ya pili na kuzungumza juu ya koperative chini ya mutondo mkubwa. Wamama wa vikundi vingine wanaotaka kuona kwa macho wanakaribishwa: kamiyo inaondoka saa kumi na mbili asubuhi, kila mmoja na jembe lake na bidoni ya maji.