Ng'ombe akifa mwenyewe Misisi, nyama yake huenda wapi?

Misisi, katika sekta ya Ngandja wilayani Fizi, ni mji uliokua kwa ajili ya dhahabu. Mchimbaji anayeingia shimoni alfajiri hana muda wa shamba wala zizi; anachokula jioni amekinunua. Ndiyo maana nyama haikai sokoni. Iwe ya ng'ombe, ya mbuzi au ya porini, ikifika inaisha, na wanunuzi wachache huuliza imetoka wapi.

Swali hilo ndilo lenye uzito. Ng'ombe aliyechinjwa mzima na ng'ombe aliyeokotwa amekufa malishoni, wakishakatwa vipande, si rahisi kuwatofautisha kwa macho. Kiswahili kina neno la huyo wa pili: kibudu. Kwa Waislamu ni haramu kuliwa. Kwa mfugaji maskini, hata hivyo, kibudu ni mali iliyoharibika ambayo bado inaweza kurudisha pesa kidogo, mradi ikatwe haraka.

Kati ya maradhi ya bakteria ambayo binadamu, mifugo na wanyama wa porini huambukizana, kimeta ndicho kinachotegemea zaidi uamuzi wa hapo. Mnyama hufa ghafla, tumbo linavimba upesi, na mara nyingi damu nyeusi isiyoganda hutoka puani au mkunduni. Akiachwa bila kupasuliwa, bakteria wengi ndani ya mzoga hufa unapooza. Akipasuliwa, damu hukutana na hewa, na bakteria hao hujigeuza kuwa mbegu ngumu zinazoweza kukaa udongoni kwa miaka mingi zikimngoja ng'ombe mwingine aje kula majani. Mapishi ya kawaida ya nyumbani hayaaminiki kuziua.

Binadamu anayechuna ngozi ya mzoga huo hupata kidonda kisicho na maumivu, chenye kigaga cheusi katikati. Kikitibiwa mapema kwa dawa kama doksisaiklini au siprofloksasini, hupona. Anayekula nyama yake yuko kwenye hatari kubwa zaidi, kwa sababu maumivu ya tumbo na homa hufanana na maradhi mengine kumi, na mgonjwa anaweza kufa kabla mtu hajauliza alikula nini.

Wakongo wameona karibuni jinsi ugonjwa huu unavyovuka mipaka. Aprili 2025, viboko wasiopungua 50, pamoja na nyati, walikutwa wamekufa kwenye mto Ishasha, katika Hifadhi ya Taifa ya Virunga, Kivu Kaskazini. Mizoga ilielea kuelekea Ziwa Edward, na vipimo vya maabara vilithibitisha kimeta. Walinzi wa hifadhi walijaribu kuitoa majini na kuizika, kazi ngumu mahali ambapo gari la kuchimbia halifiki. Baadaye wagonjwa walioshukiwa kuwa na kimeta walionekana miongoni mwa wakazi wa mkoa huo pia. Ng'ambo ya pili, nchini Uganda, Hifadhi ya Queen Elizabeth ilipoteza viboko wapatao 300 kwa ugonjwa huohuo mwaka 2004.

Misisi iko mbali na Ishasha, lakini mazingira yanayobeba ugonjwa kama huo yapo. Kila kiangazi wafugaji huteremsha ng'ombe kutoka nyanda za juu za Itombwe na Minembwe kutafuta majani katika tambarare za Ngandja. Huko mifugo hukaribia misitu ya milima ya Kabobo, ambako hifadhi ya Ngandja ilitengwa mwaka 2016 na ambako sokwe na wanyama wengine bado wanaishi. Ng'ombe, nyati na mwindaji hunywa kwenye vijito vilevile.

Kisha kuna vita. Kwa miaka kadhaa sasa makundi yenye silaha yamepora maelfu ya ng'ombe katika Fizi, Mwenga na Uvira. Ng'ombe wa wizi hasubiri ukaguzi. Huhamishwa usiku, huuzwa bei ya chini na kuchinjwa mahali ambapo mganga wa mifugo hayupo, wala asingekaribishwa. Wizi wa mifugo huzungumzwa kama suala la usalama tu, na ni kweli ndivyo ulivyo, lakini pia umetoboa ukaguzi wa nyama katika eneo zima.

Nyama ya porini ni hadithi nyingine. Watafiti waliozungumza na wachimbaji karibu na Kahuzi-Biega na Itombwe waligundua kwamba wengi huila kwa sababu hakuna nyama nyingine karibu. Kupiga marufuku peke yake, basi, hakumpi mchimbaji chakula.

Kuna pia ugonjwa wa kimyakimya: brusela. Ng'ombe aliyeambukizwa hutupa mimba, na mchungaji anayemsaidia kuzaa kwa mikono mitupu, au familia inayokunywa maziwa mabichi, hupata homa inayokuja na kuondoka, jasho la usiku na maumivu ya viungo. Katika kituo cha afya cha kijijini homa ni malaria. Isipopona, ni taifodi. Mgonjwa hurudi nyumbani na vidonge vya siku tatu au saba, wakati brusela hutibiwa kwa dawa mbili za pamoja kwa wiki sita. Anaweza kuzunguka hivyo mwaka mzima akiuza mbuzi mmoja mmoja kulipia matibabu yasiyo yake. Maziwa yakichemshwa, bakteria huyo hufa, pamoja na yule wa kifua kikuu cha ng'ombe. Ila mchungaji aliye mbali na nyumbani, asiye na sufuria wala kuni kavu, hunywa yanavyotoka.

Vipimo vya kwanza si vya gharama kubwa. Tone la damu kutoka sikio la mnyama aliyekufa, likipakwa kwenye kioo na kutiwa rangi ya bluu ya methilini, huweza kuonyesha bakteria wa kimeta chini ya hadubini, kifaa kilekile kinachosomea malaria. Kwa brusela kuna kipimo cha Rose Bengal, kinachotoa jibu kwa dakika chache. Kinachokosekana ni mtu wa kuunganisha pande mbili. Muuguzi wa zoni ya afya ya Kimbi-Lulenge yuko chini ya wizara moja, mganga wa mifugo chini ya nyingine, na mlinzi wa wanyamapori chini ya taasisi ya tatu. Kenya ilikwisha kuwaweka madaktari wa watu na wa mifugo katika kitengo kimoja cha magonjwa ya aina hii, zaidi ya miaka kumi iliyopita.

Uthibitisho wa maabara kubwa nao umekuwa mgumu. Maabara ya INRB iliyo karibu zaidi iko Goma, mji uliotekwa na M23 Januari 2025. Bukavu ilifuata Februari. Sampuli kutoka Fizi haina tena barabara rahisi ya kwenda kaskazini.

Hata hivyo, yote haya yanagota palepale penye mzoga. Kanuni inasema usipasuliwe. Uchomwe kabisa au uzikwe kwenye shimo la mita 2, pamoja na udongo ulioloa damu. Misisi haina upungufu wa watu wanaojua kuchimba. Tatizo ni kwamba katika mji wa dhahabu shimo la leo hufukuliwa kesho na mwingine, kwa hiyo mahali pa kuzikia pangelazimika kuwekewa alama na kuwa mbali na machimbo. Na mwenye ng'ombe? Akiambiwa azike mali yake yote bila kulipwa hata kidogo, atanyamaza, na usiku nyama itakuwa sokoni. Fidia ndogo kwa anayetoa taarifa ingegharimu pesa, lakini bila hiyo hakuna atakayempigia simu mganga wa mifugo.

Chanjo ya mifugo ndiyo ingepunguza mizoga yenyewe. Inayotumika sana dhidi ya kimeta imetokana na kazi ya Max Sterne nchini Afrika Kusini katika miaka ya 1930. Ni nafuu, hurudiwa kila mwaka na hutunzwa kwenye baridi ya nyuzi 2 hadi 8. Huchukua siku zisizopungua saba kabla ya kumkinga mnyama. Kiangazi huanza Juni. Anayepanga kuchanja ng'ombe wa Ngandja ingefaa awakute juu milimani mwezi Mei, kabla hawajaanza kuteremka.