Je, Wajua? Marubani wa Vita, Hofu Yao na Siku Bunduki Ziliponyamaza

Je, wajua kwamba ndege za kivita zilifanya kazi juu ya mikoko ya Rufiji zaidi ya miaka mia moja iliyopita? Manowari ya Kijerumani, Königsberg, ilijificha ndani ya delta tangu 1914, mahali ambapo Waingereza hawakuweza kuiona kutoka baharini. Tarehe 11 Julai 1915 rubani John Cull na mwenzake Arnold waliruka kutoka kisiwa cha Mafia ili kuwaelekeza wapiga mizinga. Ndege yao ikapigwa, injini ikafa. Cull akawa anaiteremsha polepole kwa mbawa tupu, na Arnold hakuacha kugonga simu ya upepo: makombora yanaangukia upande wa mbele, yasogezeni nyuma. Wapiga mizinga wakarekebisha, na Königsberg ikamalizwa siku ile ile. Ndege ilitumbukia mtoni na kupinduka. Wote wawili waliopolewa wakiwa hai.

Mizinga ya meli hiyo iliopolewa pia, ikaburutwa nchi kavu na kuendelea kupigana. Mmoja upo Mombasa, pale Fort Jesus.

Je, wajua kwamba katika Vita vya Kwanza vya Dunia marubani wa Uingereza walipelekwa angani bila miavuli ya kujiokolea? Miavuli ilikuwepo, na askari waliokaa kwenye maputo ya uchunguzi walipewa. Kwa marubani ilisemwa kwamba ni mizito na inachukua nafasi, na wapo wakubwa waliohofia kwamba kijana mwenye mwavuli ataitelekeza ndege mapema. Wajerumani walianza kuwapa marubani wao mwaka 1918. Ndege za wakati ule zilikuwa mbao, kitambaa na petroli. Rubani aliyewaka moto angani alikuwa na njia mbili tu, na zote zilikuwa kifo. Kwangu mimi huu ni miongoni mwa maamuzi mabaya kabisa yaliyowahi kupitishwa na watu waliokaa mezani juu ya watu waliokaa kwenye hatari.

Je, wajua kwamba Roald Dahl, mwandishi wa vitabu vya watoto vinavyosomwa dunia nzima, alikuwa mfanyakazi wa kampuni ya mafuta Dar es Salaam kabla ya kuwa rubani? Mwaka 1939 alikwenda Nairobi kujiunga na Jeshi la Anga la Uingereza, na huko ndiko alikofundishwa kuruka. Alikuwa na urefu wa karibu mita mbili, kichwa chake kikichomoza juu ya kioo cha mbele. Septemba 1940 alianguka katika jangwa la Misri akapasuka fuvu na kupofuka kwa muda. Uchunguzi ulionyesha kwamba mahali alipoelekezwa kutua hapakuwa sahihi. Hakulengwa na adui siku ile. Kilichomwangusha ni maelekezo mabovu kutoka upande wake mwenyewe, na ukiwasikiliza marubani wa vita vyovyote utakuta jambo hilo linawauma kuliko risasi.

Dahl alipopona alipelekwa Ugiriki. Mmoja wa viongozi wa marubani huko, Pat Pattle wa Afrika Kusini, alikuwa miongoni mwa marubani hodari kuliko wote wa Uingereza. Tarehe 20 Aprili 1941 Pattle aliruka akiwa na homa kali, akauawa juu ya bahari karibu na Athens. Ushujaa wake hauna mjadala. Lakini siku ile hakuna aliyefaulu kumzuia kamanda asiruke.

Je, wajua orodha ya ukaguzi ambayo kila rubani husoma kabla ya kuruka ilitoka wapi? Tarehe 30 Oktoba 1935, katika uwanja wa Wright Field, Ohio, ndege mpya ya Boeing yenye injini nne ilipaa wima, ikaishiwa nguvu, ikaanguka na kuwaka. Meja Ployer Hill, aliyekuwa kwenye usukani, alikuwa rubani wa majaribio mwenye uzoefu mkubwa. Komeo la kufunga usukani wakati ndege imeegeshwa halikufunguliwa. Wenzake hawakusema kwamba ndege hiyo inahitaji mabingwa zaidi. Walikubali kwamba hata bingwa husahau, wakaandika mambo ya kukagua kwenye kadi. Ndege ile ikawa B-17, na ikatengenezwa kwa maelfu.

B-17 hiyo hiyo iliwapa marubani tabu nyingine. Baada ya kutua salama, kadhaa walivuta mkono wa kukunja magurudumu wakidhani ni wa kurudisha vibawa vya breki, na ndege ikaangukia tumbo juu ya lami. Wakubwa walisema ni uzembe wa marubani. Mwanasaikolojia wa jeshi la Marekani, Alphonse Chapanis, akaingia kuangalia, akakuta mikono miwili inayofanana imewekwa jirani. Akapendekeza mmoja uvikwe kichwa chenye umbo la gurudumu. Ukibahatika kuchungulia chumba cha rubani wa ndege ya abiria leo, utakiona kigurudumu hicho kwenye mkono wa magurudumu.

Je, wajua idadi ya vijana waliokufa katika kikosi cha Uingereza cha kudondosha mabomu, Bomber Command? Kati ya wanaanga wapatao 125,000, waliokufa ni 55,573. Ni zaidi ya watu wanne katika kila kumi. Zamu moja ilikuwa safari 30. Na kijana aliyefika mahali akasema siwezi tena, hata kama alikwisha ruka mara nyingi, aliweza kuvuliwa beji na faili lake kuandikwa kwamba amekosa uthabiti wa moyo. Hapa siwezi kuandika bila hasira. Mtu aliyetazama ndege za wenzake zikilipuka mbele yake usiku baada ya usiku alihitaji tabibu, akapewa aibu. Baadhi ya makamanda waliona hivyo hata wakati ule, wakawaondoa watu wao kimyakimya na kuwapa kazi za ardhini.

Je, wajua kwamba kamanda anaweza kuanza kazi akiwa mwanafunzi wa vijana wake? Kanali Robin Olds wa Marekani, shujaa wa vita vya 1939 hadi 1945, alifika kambi ya Ubon, Thailand, mwaka 1966 kuongoza kikosi kilichopigana Vietnam. Aliwaambia marubani wadogo kwamba ataruka nafasi ya nyuma kabisa, na wao watamfundisha mpaka atakapokuwa tayari kuwaongoza. Tarehe 2 Januari 1967 aliongoza operesheni iliyoitwa Bolo. Ndege za kupigana ziliruka kwa mwendo, njia na lugha ya redio ya ndege za mabomu, adui akapanda kuwinda windo jepesi, akakutana na wawindaji. Marekani ilihesabu MiG-21 saba zilizoangushwa bila yenyewe kupoteza hata moja.

Katika vikosi vingi vya ndege za kivita, mkiingia chumba cha tathmini baada ya kuruka, cheo hubaki mlangoni. Luteni anaruhusiwa kumwambia kanali: ulichelewa kugeuka, ukaniacha peke yangu. Kanali anaandika.

Je, wajua mazoea kama hayo yaliokoa nani? Tarehe 19 Julai 1989 injini ya mkiani ya ndege ya United safari namba 232 ilipasuka na kukata mifumo yote ya majimaji inayoendesha usukani. Nahodha Al Haynes, aliyewahi kuwa rubani wa kikosi cha wanamaji wa Marekani, hakujifanya anajua. Aliuliza kila mtu. Mkufunzi wa marubani aliyekuwa amekaa kama abiria aliitwa mbele, akashika mikono ya kuongeza na kupunguza nguvu za injini mbili zilizobaki, na kwa njia hiyo wakaifikisha ndege Sioux City. Ilivunjika wakati wa kutua. Watu 184 kati ya 296 walipona. Haynes aliishi miaka mingi akieleza kwamba zamani nahodha ndiye aliyekuwa mwenye neno la mwisho katika kila kitu, na kwamba kwa mtindo ule wasingefika.

Na kutii amri je? Asubuhi ya 1 Agosti 1982, wakati wa jaribio la mapinduzi Kenya, waasi waliwashurutisha marubani wa Nanyuki kwa mtutu wa bunduki kupaa na kwenda kushambulia Nairobi. Marubani walipaa. Mabomu wakayatupa katika msitu wa Mlima Kenya, wakarudi. Wakazi wa Nairobi wanadaiwa shukrani hiyo mpaka leo.

Je, wajua kisa cha Franz Stigler? Tarehe 20 Desemba 1943 rubani huyu wa Kijerumani aliifikia kwa nyuma B-17 ya Marekani iliyotoka kushambulia Bremen. Mpiga bunduki wa mkiani alikuwa amekufa. Ubavu wa ndege ulikuwa umetoboka hivi kwamba Stigler aliwaona waliomo ndani wakihudumia majeruhi. Hakufyatua. Alijisogeza ubavuni, akaisindikiza kupita mizinga ya Wajerumani hadi baharini, akapiga saluti, akageuka. Kwa kosa hilo angeweza kuuawa, hivyo alinyamaza. Rubani wa upande wa pili, Charlie Brown, aliripoti kwa wakubwa wake, naye akaambiwa anyamaze. Walikutana 1990, Stigler akiwa mkazi wa Kanada, wakawa marafiki hadi wote wawili walipofariki mwaka 2008. Alipoulizwa kwa nini, Stigler alimtaja kamanda wake wa Afrika Kaskazini, Gustav Rödel, aliyewaonya vijana wake kwamba akimwona yeyote anampiga risasi mtu anayening'inia kwenye mwavuli, yeye mwenyewe atampiga huyo. Stigler aliiona B-17 ile kama mtu aliye kwenye mwavuli. Maneno machache ya kamanda yaliokoa watu waliokuwa wa jeshi jingine.

Je, wajua nani walikata tamaa mapema katika magereza ya Hanoi wakati wa vita vya Vietnam? James Stockdale, rubani wa jeshi la majini la Marekani aliyeangushwa 9 Septemba 1965 na kufungwa zaidi ya miaka saba, alijibu kwamba ni wale waliojipangia tarehe. Walisema Krismasi tutakuwa nyumbani, ikapita, wakasema Pasaka, ikapita, mioyo ikavunjika. Mateka hao waliwasiliana kwa kugonga ukuta kwa herufi, na wakakubaliana jinsi ya kuondoka: wagonjwa na majeruhi kwanza, kisha aliyetekwa mapema kabla ya aliyetekwa jana. Februari 1973 walianza kurudi. Everett Alvarez, aliyeangushwa Agosti 1964, alikuwa miongoni mwa wa kwanza.

Je, wajua kwamba vita haviishi siku moja kwa wote? Vita vya Kwanza vilisimamishwa 11 Novemba 1918, lakini jeshi la Kijerumani la Lettow-Vorbeck lililotoka Tanganyika, pamoja na askari na wapagazi wake Waafrika, lilisalimu amri tarehe 25, huko Abercorn, leo Mbala nchini Zambia. Na tarehe 15 Agosti 1945, Mfalme wa Japani akiwa amekwisha tangaza mwisho, Admirali Ugaki Matome aliongoza ndege 11 kwenda kujilipua. Alikuwa na haki juu ya uhai wake. Juu ya vijana waliomfuata hakuwa nayo.

Mitsuo Fuchida, aliyeongoza mashambulizi ya anga ya Pearl Harbor, alichagua njia nyingine. Baada ya vita alikuwa mhubiri wa Kikristo na akazunguka Marekani.

Je, wajua kwamba mwaka 1948 rubani wa Marekani Gail Halvorsen aliwadondoshea watoto wa Berlin peremende kwa miavuli ya leso? Ndege za jeshi lililoupiga mji huo kwa mabomu sasa zilileta unga na makaa. Halvorsen hakuomba ruhusa, na alipogunduliwa aligombezwa. Jenerali Tunner, msimamizi wa safari zote hizo, alisikia akaamuru peremende ziendelee. Halvorsen alifariki Februari 2022 akiwa na miaka 101.

Na rubani Mwingereza Leonard Cheshire? Alikubali kushushwa cheo ili aruke tena na vijana wake, akafanya mashambulizi zaidi ya mia moja, na 9 Agosti 1945 alikuwa angani akishuhudia bomu la Nagasaki kwa niaba ya Uingereza. Mwaka 1948 alimchukua nyumbani kwake mgonjwa aliyekuwa akifa na hana wa kumtunza. Kutokana na mgonjwa huyo yalizaliwa makazi ya Cheshire ya watu wenye ulemavu, yaliyoenea nchi nyingi, Kenya ikiwemo.